Morris Minor ya Nyeri au Beetle ya Mombasa?

"Habari, fundi. Mimi na mume wangu tunaishi Nakuru na tumeweka akiba ya kununua gari moja la zamani. Tumepata mawili, bei karibu sawa. La kwanza ni Morris Minor 1000 ya milango minne, ya mwaka 1964, iko Nyeri ndani ya banda. Haijawashwa kwa miaka tisa na rangi imepauka, lakini mwenyewe anasema sakafu ni nzima. La pili ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1967, iko Mombasa, imepigwa rangi nyekundu mpya, inawaka mara moja, na nimeiendesha hadi Nyali na kurudi bila shida. Mume wangu anataka Beetle kwa sababu haina rejeta, kwa hiyo haiwezi kuchemka, na kwa sababu spea za magari ya Waingereza hazipatikani tena. Mimi moyo uko kwa Minor. Marehemu baba alifundisha shule tatu akiendesha Minor hiyohiyo moja. Tunataka gari la kwenda nalo Naivasha Jumapili, na siku tukiamua kuliuza lisitutie hasara. Lipi lina thamani zaidi kwa wakusanyaji?"

Dada yangu, swali lako liko mwishoni mwa barua, lakini hofu yako iko katikati yake. Mnaogopa kutoa akiba yenu kwa gari linalong'aa juu na limeoza chini, na mnaogopa pia kununua kumbukumbu ya baba isiyowaka. Hofu zote mbili zina msingi. Kwenye thamani nitafika. Kwanza niongee kidogo na shemeji, kwa heshima, maana hayo mawili aliyoyasema nayasikia gerejini kila mara, na yote mawili yana nusu ya ukweli.

Ni kweli Beetle haina rejeta. Injini yake ina silinda nne, mbili zimelala kushoto na mbili kulia, na inapozwa kwa hewa. Feni iliyofungwa kwenye ekseli ya dainamo huvuta hewa na kuisukuma ndani ya kava la bati, kisha hewa hiyo hushuka kwenye mapezi ya silinda na kuondoka na joto. Maji hakuna, lakini joto lipo palepale. Gari la maji likizidiwa litakutolea mvuke na utasimama upende usipende. Beetle haitoi mvuke. Feni na dainamo vinazungushwa na mkanda mmoja, na mkanda huo ukikatika, dalili pekee ni taa nyekundu ya chaji kuwaka. Wengi hudhani ni mambo ya betri, wakaendelea hadi nyumbani. Taa ile ikiwaka, unazima injini hapohapo, hata kama uko katikati ya mteremko wa Mai Mahiu. Sogea kando na utembee.

Kuna pia hadithi ya silinda ya tatu. Katika injini za miaka ile, kipoza oili kimesimama ndani ya kava la feni, kwenye njia ya hewa inayokwenda silinda ya tatu. Silinda hiyo basi hupata hewa iliyokwisha kupashwa moto na oili, na valvu yake ya eksozi ndiyo huwa ya kwanza kuungua. Volkswagen walikuja kukisogeza kipoza hicho nje ya njia mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya gari mnalolitazama kutoka kiwandani. Ongeza kwamba injini nzima inabeba lita mbili na nusu tu za oili, na haina chujio la karatasi ila kijiwavu chini. Ndiyo maana oili inabadilishwa kila kilomita 5,000, na nafasi za valvu zinapimwa siku hiyohiyo. Ukifungua mlango wa injini, tazama kama mabati yanayoizunguka na mipira yake ya pembeni bado yapo. Fundi asiyeijua injini hii huyatupa kwa sababu yanamzuia kuingiza spana. Kazi yake ni kutenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto iliyokwisha kutoka chini. Yakiondoka, feni huanza kuvuta tena joto lilelile, na injini inajioka yenyewe.

Kuhusu spea, shemeji yuko sahihi kwa upande wa Beetle. Gari hili liliendelea kuundwa Puebla, Mexico, hadi Julai 2003, na vipande vyake vingi bado vinatengenezwa. Kwa Minor amekosea. Injini ya Minor ya 1964, ile ya sentimita za ujazo 1,098, ni ya ukoo ambao Austin waliuanza mwaka 1951 na uliodumu ndani ya Mini hadi mwaka 2000. Pistoni, beringi, gasketi, pampu ya maji, vyote utavipata. Hata vipande vya bodi vinauzwa Uingereza, ambako Minor ina klabu zake na maduka yasiyouza kitu kingine. Tatizo lenu litakuwa nauli na ushuru, na kungoja wiki kadhaa. Kwa gari la Jumapili, kungoja si msiba.

Haya magari mawili hufananishwa sana kwa sababu yote ni madogo, ya mviringo, na yalikusudiwa mtu wa mshahara wa kawaida. Asili zake hazifanani kabisa. Minor ilichorwa na Alec Issigonis, mtu aliyezaliwa Smyrna (leo Izmir, Uturuki), na ikaonyeshwa London mwaka 1948. Mwishoni kabisa mwa usanifu aliona gari ni jembamba, akaamuru la majaribio likatwe katikati kwa urefu, na vipande viachanishwe hadi umbo lilipompendeza. Upana uliongezeka kama sentimita 10. Ukifika Nyeri simama mbele ya gari utazame boneti: ule ukanda ulioinuka katikati ni kovu la mkato huo. Lord Nuffield, mwenye kampuni, alipoliona alisema linafanana na yai lililochemshwa bila ganda. Nadhani alikuwa akilitazama tu. Angeliendesha angesema mengine. Usukani wa Minor ni mwepesi na hauna ubishi, unaelekea pale unapoelekeza, na kwa gari la umri ule hilo bado linanishangaza.

Beetle ni kazi ya Ferdinand Porsche ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1945 kiwanda chake cha Wolfsburg, Ujerumani, kiliangukia mikononi mwa jeshi la Uingereza, na aliyekifufua ni ofisa wa Kiingereza, Meja Ivan Hirst. Wenye viwanda vya magari wa Uingereza walikwenda kukikagua, wakaona hakina maana, wakarudi kwao. Agosti 1955 kiwanda hicho kilitoa gari lake la milioni moja. Minor ilifika milioni mwishoni mwa 1960, gari la kwanza la Kiingereza kufikia idadi hiyo, na hadi mwisho wake ziliundwa kama milioni 1.6. Beetle zilipita milioni 21. Huku kwetu nako Beetle ilijipatia jina mapema: katika Coronation Safari ya kwanza, mwaka 1953, yale mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally, Alan Dix na Johnny Larsen walimaliza na pointi za adhabu chache kuliko wote wakiwa ndani ya Beetle, kisha Beetle ikashinda tena 1954, 1957 na 1962. Shemeji akisema hilo ndilo gari la barabara zetu, ana ushahidi.

Ila magari yale ya Safari yalikuwa mapya, na bati lake lilikuwa zima.

Hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Katika gari la zamani, injini ndiyo sehemu ya bei nafuu. Inatoka, inawekwa mezani, inafunguliwa, inarudi. Bati lililooza halitoki. Nilijifunza hili kwa pesa yangu. Miaka mingi iliyopita nilinunua Beetle ya kijani kutoka pwani, rangi mpya, injini tamu kama cherehani. Nilipoipandisha jeki pembeni nibadilishe gurudumu, mlango uliokuwa ukifunga kwa kidole uligoma kufunguka. Gari lilikuwa limejikunja katikati. Nilipokwangua rangi nilikuta puti, chini ya puti gazeti, na chini ya gazeti kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Aliyeniuzia alinisifia injini na hakusema uongo. Kuhusu bati sikumuuliza.

Kilichooza ni hiki. Chini ya kila mlango wa Beetle kuna sanduku refu la bati linalopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi miguuni mwa abiria. Pwani hakuna anayetaka hita, kwa hiyo hakuna anayeyajali masanduku hayo. Lakini ndiyo mifupa ya bodi: paa, milango na sakafu vyote vinategemea ugumu wake. Maji huingia kupitia mipira ya mlango iliyochakaa, chumvi ya hewa ya bahari huingia nayo, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Siku unapoona kivimbe kwenye rangi, ndani hakuna kitu. Piga magoti, ubonyeze ukingo wa chini wa sanduku kwa bisibisi butu, urefu wote, pande zote mbili. Bati zima hulia kwa mlio mkali. Puti hutoa sauti ya mti, na sumaku haiing'ang'anii.

Kisha inua kiti cha nyuma. Upande wa kulia ndipo inapokaa betri, na asidi yake kwa miaka hii yote imekuwa ikidondokea sakafu. Hakikisha pia betri ina kifuniko, kwa sababu springi za kiti zikigusa nguzo zake mtu mzito anapokaa, moto huanzia pale. Angalia bati la mbele kabisa la chesi, pale ekseli ya mbele inapofungwa, na shimo la tairi la akiba. Neema moja ya Beetle ni kwamba bodi imefungwa kwa bolti juu ya sakafu yake, kwa hiyo fundi mwenye subira anaweza kuinua bodi yote na kushughulikia kila upande peke yake. Ni kazi ya miezi, lakini inawezekana.

Minor haina sakafu ya kutenganishwa namna hiyo. Bodi na chesi vimeunganishwa kuwa kitu kimoja. Mwenye gari anaposema sakafu ni nzima, huwa ameitazama kutoka juu, kupitia mkeka. Nyinyi itazameni kutoka chini. Kuna boriti ya chuma inayokatiza chini ya viti vya mbele, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Miisho yake ndipo jeki inapowekwa, na fito za msokoto zinazobeba uzito wa mbele wa gari zimeshikiliwa hapohapo. Boriti hiyo ikioza, gari limepoteza mahali pa kusimamia. Sehemu nyingine ni miguu miwili ya chesi inayoenda mbele pembeni mwa injini, bati la chini ya milango, na pale springi za nyuma zinapofungwa kwenye bodi. Banda la Nyeri, mbali na bahari, linanipa matumaini, mradi paa halikuvuja na sakafu ya banda si udongo mbichi.

Ugonjwa wa Minor unaopaswa kuwatisha zaidi ya kutu uko kwenye magurudumu ya mbele. Kila gurudumu limening'inia kwenye nguzo wima yenye hesi juu na chini, na hesi hizo zinazunguka ndani ya vipande viitwavyo trunioni. Kila ukikata usukani, hesi inajizungusha kidogo. Zikipata grisi mara kwa mara zinaishi miaka mingi. Zikikosa, hesi inalika kidogokidogo hadi siku moja nguzo inachomoka, na gurudumu linalala chini ya gari. Mara nyingi hutokea mkiwa polepole mnakata kona, na hapo mnapata aibu tu. Mkiwa mwendo wa kasi ni habari nyingine. Gari lililolala miaka tisa lina grisi iliyogeuka udongo. Inueni upande wa mbele, mwekeeni gurudumu mtaimbo kwa chini, mlisukume juu na chini. Likicheza, hesabuni gharama ya nguzo na trunioni mpya kabla ya kupatana bei.

Na mtu yeyote asije na betri akajaribu kuwasha hiyo Minor siku mtakayokwenda. Ring'i za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na kuta za silinda, na starta itazivunja. Plagi zitolewe, kijiko cha oili kimiminwe kila silinda, gari likae siku moja au mbili, kisha injini izungushwe kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini, pumua. Petroli ya zamani imwagwe yote, tangi lioshwe. Mipira ya breki msiipime hata kidogo, ibadilishwe tu. Silinda kuu iko chini ya sakafu kwenye miguu ya dereva, mahali pabaya pa kufikia, kwa hiyo mkishafika hapo malizeni kazi yote. Umeme nao una mtego: Minor ilitoka kiwandani nguzo ya chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Huenda mtu aliishaibadilisha, huenda hapana. Fuata waya kwa macho kabla ya kuunganisha chochote.

Jambo la petroli nalo mtaulizwa na kila mzee. Injini ya Minor ina kichwa cha chuma cha kutupwa, na valvu za eksozi zinakalia chuma hichohicho. Zamani madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya petroli yalilinda makalio hayo, yaani pale valvu zinapokalia. Huku kwetu petroli ya risasi iliondoka kufikia mwaka 2006. Kwa safari za taratibu za Naivasha madhara yanakuja polepole sana. Siku kichwa kitakapofunguliwa, mwambieni fundi aweke makalio ya chuma kigumu, na mjadala umekwisha. Kichwa cha Beetle ni cha aluminiamu na tayari kina makalio magumu yaliyopachikwa.

Sasa thamani. Wakusanyaji hawalipi jina la gari, wanalipa toleo na ukweli wake. Kwa Beetle wanakimbilia zile za kabla ya Machi 1953 zenye kioo cha nyuma kilichogawanyika mara mbili, kisha zenye kioo cha yai zilizofuata hadi 1957, na zile za paa la kukunja. Kwa Minor wanatafuta za mwanzo zenye taa za chini, za paa la kukunja, na Traveller yenye fremu ya mbao nyuma. (Ukiletewa Minor ya paa la kukunja, chunguza sana, nyingi zilikuwa za paa la bati, zikakatwa na msumeno.) Minor ya milango minne ya 1964 na Beetle ya 1967 ni magari ya kawaida kati ya ndugu zake. Yanapendwa, yananunulika, lakini hayatawatajirisha. Kwa kawaida Beetle huuzika haraka zaidi, kwa kuwa wanaoitaka ni wengi. Pesa mtakazoweka kwenye kuchomelea hazitarudi zote kwa gari lolote kati ya haya mawili. Kwa hiyo hasara au faida yenu inaamuliwa siku ya kununua, na inategemea bati.

Ningekuwa mimi, ningeanzia Nyeri. Rangi iliyopauka haifichi kitu, kilichooza kitaonekana. Boriti na miguu ya chesi ikiwa mizima, chukueni Minor, mshushe bei kwa sababu haiwaki, na msahau Naivasha kwa miezi kadhaa. Ikiwa boriti imekwisha, ipigieni saluti ya baba na mwondoke. Beetle ningeinunua kwa sharti moja: mwenyewe akubali ipandishwe na kukaguliwa chini kabla ya pesa. Akikataa, amejibu. Akikubali na ikawa nzima, shemeji ameshinda, na mtakuwa barabarani mwezi huuhuu. Shikeni kapi la chini la injini kwa mikono miwili mlivute na kulisukuma. Mkisikia mgongano wa chuma, krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, inacheza na injini inataka kufunguliwa hata kama inawaka vizuri. Mpira wa petroli ubadilishwe siku ya kwanza, kwani ukipasuka unamwagia injini ya moto. Na pale kituo cha mafuta msikubali upepo sawa matairi yote. Beetle hutaka mbele pungufu, nyuma zaidi, la sivyo mkia utawatangulia kwenye kona.

Kuna kazi ambazo msizijaribu nyumbani wala kwa fundi wa kubahatisha: trunioni, breki, na kuchomelea masanduku au boriti. Anayekata bati la chini ya mlango bila kwanza kufunga vyuma vya kushikilia mwanya wa mlango atawarudishia gari lililopinda daima. Mwombe awaonyeshe gari alilolifanya awali, mfungue na kufunga milango yake. Mkisikia harufu ya petroli ndani ya gari lolote kati ya haya, lisiwashwe tena mpaka fundi alione.

Mkienda, ombeni logibuku. Namba ya chesi ya Beetle imegongwa juu ya mgongo wa katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma, na ya injini iko chini ya mguu wa dainamo. Ya Minor tazameni kibao kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Zisipolingana na karatasi, hata kwa tarakimu moja, msilipe hata amana mpaka NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, wathibitishe. Na ukiwa chini ya ile Minor, nipigie picha ya miisho miwili ya boriti, kushoto na kulia, kwa mwanga wa tochi, kabla hamjataja bei.